Kibaba cha Tele, Kibaba cha Mfuto

Mwezi uliopita vijana wa chama cha ushirika walinijia na daftari, wakaketi barazani kwangu. Walisema wamesikia kwamba zamani, enzi za Wajerumani, nilikuwa nafanya biashara ya huruma, na walitaka niwafundishe. Niliwapa chai, walipomaliza nikawaambia waende zao. Sikufanya biashara ya huruma hata siku moja. Huruma nilimpa mama yangu, na iliyobaki nilimpa paka. Sokoni nilikwenda kutafuta faida, nikaipata, na bati lililo juu ya kichwa changu leo limetokana na faida hiyo.

Waliondoka wamenuna, nami nikabaki na hasira ya kueleweka vibaya, ambayo kwa mtu wa umri wangu ni hasira mbaya kuliko zote kwa sababu sina muda wa kuingoja ipoe. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Herufi nilijifunza ukubwani, kwa hiyo mtanisamehe zikipanda na kushuka.

Nilizaliwa juu milimani, upande wa kwenda Mkuyuni, ambako ardhi ni ya ukoo wa mama na mjomba ndiye mwenye kauli. Nilipoolewa tulishuka mjini Morogoro kwa sababu mume wangu alikuwa mpagazi, na mjini ndiko misafara ilikofungiwa mizigo. Alikwenda safari moja ya bara asirudi. Wenzake waliniletea kisu chake na kanzu moja. Nilikuwa sijafika hata miaka ishirini na mitano, sina mtoto, na mama yangu alikuwa akiishi nami, amevimba magoti hata hawezi tena kupanda mlima. Mjomba alishuka, akaketi, akatutazama. Akasema nikiweza kumlisha mama hapa mjini, tukae. Nikishindwa, ataleta machela, mama atabebwa mpaka juu, na mimi nitaolewa na mtu ambaye yeye amekwisha kumchagua. Mtu huyo nilimjua, na sikumtaka hata kwa dawa.

Nikapata kazi kwa mwenye duka mmoja pale sokoni. Msinitafutie mgeni wa kumlaumu. Hakuwa Mhindi, hakuwa Mwarabu, wala hakuwa Mdachi, kama tulivyowaita Wajerumani siku zile. Alikuwa Mluguru kama mimi, mtu wa swala tano, mpole wa sauti, na ukoo wake na ukoo wetu walikuwa watani.

Kazi yangu ilikuwa kupima. Duka lilikuwa na kibaba kimoja cha mbao, cheusi kwa mikono ya watu, na kijiti kilichonyooka cha kufutia. Kibaba kile kile ndicho kilichotumika kununulia na kuuzia, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema duka lina vipimo viwili. Vipimo viwili vilikuwa mkononi mwangu. Mama wa milimani akileta maharage yake, nilimpimia kibaba cha tele: nilijaza, nikaendelea kumimina mpaka kibaba kikaota kichwa, na maharage yakawa yanateremka pembeni yenyewe. Mama huyo huyo akigeuka kununua chumvi, nilimpimia kibaba cha mfuto: nilijaza, nikakipitisha kijiti juu ya mdomo, na chumvi yote iliyozidi ikarudi guniani.

Na yale maharage yaliyoteremka hayakurudi kwa mwenyewe. Chini ya kibaba tulitandika jamvi, na sheria ya duka ilikuwa kwamba kilichoanguka ni cha jamvi. Jioni tulilikunja jamvi na kulikung'utia katika gunia la mwenye duka. Siku ya soko kubwa, jamvi peke yake lilijaza gunia.

Nilifanya hivyo miaka mitatu, na nilifanya vizuri. Nasema wazi kwa sababu wanaopenda kusimulia habari zangu huanzia pale nilipoacha. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko wa mpimaji yeyote wa soko lile. Niliweza kumimina huku namuuliza mama wa watu habari za shamba, na mpaka amalize kunijibu kibaba kimekwisha kuota vichwa viwili. Mwenye duka alinisifu mbele ya watu, nami nilivimba kichwa.

Wanawake hawakulalamika, na sababu yake ni utani. Kwetu mtani wako anaweza kukuchukulia kuku uani, anaweza kukutukana msibani, anaweza kulala ndani ya kaburi la baba yako na kukataa kutoka mpaka umpe kitu, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Mimi kila asubuhi nikifika dukani nilimwamkia, "Shikamoo mwizi." Naye akajibu, "Marahaba mchawi, jana umemla nani?" Watu wakacheka, siku ikaanza vizuri. Ikiwa mama mmoja amekitazama kibaba kwa jicho la wasiwasi, mwenye duka mwenyewe alimtangulia. "Mimi mwizi, mama zangu, hamkuambiwa? Ukoo wetu mzima wezi. Muulizeni mtani wangu huyu." Wakacheka tena, wakaondoka na chumvi yao ya mfuto. Ilinichukua miaka mitatu kuona kwamba mtu yule alikuwa akisema kweli kila siku, mbele ya kila mtu, na hakuna aliyemsikia.

Siku iliyonitoa pale ilikuwa ya masika. Alikuja mwanamke mdogo kuliko mimi, mtoto mgongoni, matope mpaka magotini. Alitoka mbali, ng'ambo ya Mkuyuni, tena kwa njia ya utelezi. Alitua tenga lake na mimi nikaanza kumimina kama kawaida. Maharage yakateremka. Yeye akachutama na kuanza kuyaokota jamvini, punje mbili, punje tatu, akiyatia katika ncha ya kanga yake. Nikampiga vidole kwa kijiti. Sikumpiga kwa nguvu. Nilimpiga kama mtu anavyofukuza kuku kwenye mpunga, bila hata kufikiri. Hakulia wala hakunitukana. Alisema tu, "Dada, haya nimeyalima mimi," akaendelea kuokota.

Mwenye duka alicheka. "Mtani, sasa umeanza kupiga watu?" Nikampa kijiti chake nikamwambia akishike. Alidhani ni utani. Kesho yake aliponingoja nisitokee ndipo alipojua.

Hapo ndipo watu hupenda kutia neno huruma. Ilikuwa aibu, na juu ya aibu ilikuwa akili ya biashara. Nilimwona yule mama akiondoka na nikajua hatarudi, na akirudi ataleta kidogo, maana nani atalima shamba zaidi ili jamvi la mtu mwingine lishibe? Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeona matenga yakipungua ukubwa. Mwenye duka alisema watu wa milimani ni wavivu. Hawakuwa wavivu. Walikuwa wamechoka kulima kwa ajili ya vichwa vya kibaba, na duka lilikuwa linakula mbegu yake lenyewe.

Niliuza bangili zangu za arusi, nikanunua gunia moja la chumvi, nikalipa ushuru wa soko kwa ajili ya kiwanja kidogo cha kukaa. Nikachongesha kibaba, nikakipeleka boma kikagongwa alama. Kisha nikatangaza kwamba kwangu ni kununua mfuto na kuuza mfuto, sawa kwa sawa. Nilijiona nimeivumbua dunia.

Hakuja mtu. Siku tatu za soko nilikaa nikiwafukuza nzi huku wanawake wanapita mbele yangu kwenda kwa mwenye duka, yule yule. Siku ya tatu alikuja bibi mmoja mzee, labda kwa kuwa jua lilimshinda kufika mbali. Nikamwamkia, nikampimia chumvi, nikakipitisha kijiti kwa uangalifu, nikammiminia. Akabaki ameushika mdomo wa kikapu chake wazi.

"Bado," akasema.

"Bado nini, bibi? Kibaba kimetimia."

Akanitazama kama mtu aliyekaribishwa wali akanyimwa maji ya kunawa. "Mwanangu, hata yule mwizi hutupa nyongeza."

Ilikuwa kweli. Enzi zile nikishafuta kibaba, mwenye duka mwenyewe alichota chumvi kidogo kwa vidole vitatu na kuirusha juu. Chumvi ile haikufika hata robo ya kile kilichoanguka jamvini, lakini ilikuwa mkono wa mtu. Kwetu mgeni akiondoka unamsindikiza hatua chache. Jirani akija kuomba moto unamwongezea na kijinga cha pili. Kipimo kinachoishia pale pale kwenye mdomo wa kibaba kinamwambia mtu kwamba kati yangu na wewe yamekwisha. Nilikaa mno na kijiti cha mwenye duka mpaka nikadhani haki inakaa ndani ya kijiti. Nilichota chumvi kwa mkono mzima nikamtilia bibi yule, nikamwomba radhi, na kijiti nikakivunja nikawashia moto.

Tangu siku ile kwangu ikawa tele kwa tele. Nikinunua maharage, kibaba kina kichwa. Nikiuza chumvi, kibaba kina kichwa vilevile. Anayeniuzia ananiongezea, nami ninayemuuzia namwongezea. Jamvi nilitandika, lakini mwenye tenga ndiye aliyelikung'uta mwenyewe kabla hajainuka. Wanawake walipoona hilo la jamvi, walisita kwanza, wakadhani nawatega. Wiki moja baadaye walinijaa.

Sasa mtauliza faida ilitoka wapi. Hilo ndilo swali la maana, na vijana wa ushirika hawakuliuliza.

Siku zile reli ilikuwa inakuja kutoka pwani, na kambi ya wajenzi ilikuwa Kingolwira. Wanaume mamia walikula maharage pale mchana na jioni, na aliyewapelekea alikuwa mwenye duka wangu wa zamani. Nilikwenda kwa miguu kumwona mpishi wa kambi, mtu wa Bagamoyo, mnene, mwenye maneno. Nikamwuliza kama anayapenda maharage anayoletewa. Akanionyesha sufuria. Mwenye duka alichanganya ya mwaka huu na ya mwaka jana, ya juu na ya tambarare, na mengine yalikuwa yametobolewa na wadudu. Mapya yalikuwa yamepondeka na ya zamani bado yanagonga meno. "Kuni zinakwisha, haya hayaivi," akasema. "Na watu wakitema mawe wananitemea mimi."

Nilirudi nikamweleza mama. Mama yangu hakuweza kutembea lakini mikono yake haikuwa na ugonjwa. Alikaa mkekani, miguu ameinyoosha, akachambua punje kwa punje: mapya huku, ya zamani kule, mawe nje. Nikapeleka gunia la kwanza Kingolwira. Yaliiva yote kwa moto mmoja. Mpishi alinilipa zaidi ya alivyomlipa mwenye duka, na bado alifurahi, kwa sababu alichookoa kwenye kuni kilikuwa kikubwa kuliko alichoniongezea. Pale pale kambini nikakuta chumvi iliyoletwa na reli kutoka pwani, rahisi kuliko ile iliyofika mjini kichwani mwa mpagazi na kupitia mikono minne. Nilikwenda na maharage na kurudi na chumvi. Sikutembea mkono mtupu hata hatua moja.

Hiyo ndiyo siri yangu yote. Mwenye duka alipata faida yake kutoka kichwani mwa yule mama wa milimani. Mimi nilipata yangu mbali na yeye, kwa miguu yangu na vidole vya mama yangu, na kwa hiyo kila alipolima zaidi nami nilipata zaidi. Nilitaka atajirike. Mtu akinisifu kwa hilo ananitukana, kwa maana nilimtaka atajirike ili na mimi nitajirike.

Miezi minne ilikwenda hivyo. Mwezi wa tano mwenye duka alinishitaki kwa akida.

Akida wetu alikuwa mtu aliyeletwa na Wadachi kutoka pwani atutawale kwa niaba yao, amevaa tarbushi, na askari wawili nyuma yake. Alifanya baraza sokoni, siku ya soko, watu wote wakisikia. Aliomba kibaba changu, akakigeuza, akaiona alama ya boma, akakirudisha. Hakuwa na la kusema juu ya kibaba. Kwa hiyo akasema juu ya mkono.

"Soko hili lina desturi," akasema. "Watu wote hununua tele na kuuza mfuto. Wewe umeleta desturi yako, na sasa wenzako wanalalamika kwamba unalivuruga soko. Uifuate desturi au utoke."

Ningeweza kunyamaza. Wenye akili walinyamaza. Lakini mwenye duka alikuwa amesimama pale kando, mikono ameikunja, uso wa mtu anayesikiliza hotuba msikitini, na nilishindwa.

"Bwana akida," nikasema, "hiyo si desturi ya soko. Ni desturi ya mwizi, na mwizi ni yule pale."

Miaka mitatu nilimwita hivyo kila asubuhi na watu wakacheka. Siku ile hakucheka hata mmoja. Mwenye duka alibadilika rangi. Akasema polepole, "Mtani, leo si siku ya utani."

"Najua," nikamjibu. "Leo sitanii."

Akida alinipa hadi siku ya soko iliyofuata. Ama nisimame mbele ya watu niseme nimekosa na kwamba nitafuata desturi, ama nisikanyage tena sokoni. Habari zilipanda mlima usiku huo huo, na kesho yake mchana mjomba alikuwa mlangoni.

"Neno moja tu," mjomba akasema. "Nimekosa. Ukishasema, utapima unavyojua."

"Mjomba, nikishasema nimekosa, nitapima kwa mfuto, au nitakuwa mwongo na mpumbavu kwa pamoja."

"Basi mtarudi juu. Mwezi ukiandama nakuja na machela." Akamgeukia mama, ambaye alikuwa mkekani na maharage yake, akamwomba anisemeze. Mama hakuinua macho. Akasema, "Miezi minne nimechambua, mgongo umekufa ganzi. Akisema amekosa, mimi nilikuwa nachambua nini?"

Siku ya soko nilisimama mbele ya akida. Nilikuwa naogopa, sitaficha. Aliniuliza kama nimekosa, nikamwambia sikukosa. Alitikisa kichwa kwa askari, askari mmoja akalifuata jamvi langu, nami nikamwambia asiliguse, nitalikunja mwenyewe. Nililikunja taratibu sana, kuliko ilivyohitajiwa, nikatoka katikati ya watu ambao wote walikuwa wamepata kitu cha kutazama chini.

Wadachi walipenda mipaka. Mji wao waliuzungushia nguzo nyeupe, na sheria za soko zilifika kwenye nguzo zikaishia hapo. Upande wa Bigwa, ambako njia ya Mkuyuni inakatiza kijito kabla ya kuingia mjini, kulikuwa na nguzo moja. Nilihesabu hatua kumi kutoka kwenye nguzo ile kuelekea milimani, nikatandika jamvi.

Siku ya kwanza walisimama wanawake wawili. Ningependa kuandika kwamba mmoja wao alikuwa yule niliyempiga vidole. Hakuwa yeye. Yule sikumwona tena maishani, na sijui jina lake, na hilo ni deni ambalo kibaba hakilipi. Hawa wawili walisimama kwa sababu walikuwa wamechoka, na kwa sababu wakiishia pale hawalipi ushuru wa lango. Niliwapimia tele kwa tele, wakakung'uta jamvi, wakarudi juu mapema, wakafika kwao jua likiwa bado liko. Siku ya pili walikuwa tisa. Siku ya tatu niliacha kuhesabu kwa sababu sikuwa na nafasi.

Mwezi ukaandama. Mjomba alikuja kama alivyosema, na vijana wanne wenye nguvu na machela begani. Mama alikuwa nami pale kijitoni siku ile, jirani alimleta kwa mkokoteni ili achambue papo hapo. Mjomba alitutolea maneno makali. Alisema ukoo unachekwa, kwamba mtoto wa dada yake ameketi njiani kama mwombaji, kwamba kukaa nje ya mji si kukaa mjini. Mimi niliendelea kupima. Nilijua akiamuru vijana wake wambebe mama sitaweza kumzuia. Ana haki hiyo kwa desturi yetu. Wanawake walikuwa kwenye mstari, wakisikiliza mambo ya nyumba yangu.

Wakati mjomba bado anasema, mwenye duka akatokea kutoka upande wa mji. Alikuwa peke yake, na magunia mawili matupu begani. Nilielewa kabla hajafungua mdomo. Alikuwa ameahidi maharage kambini na sokoni hayakufika.

"Mtani wangu," akasema kwa sauti ile ile ya zamani, sauti tamu, "umetuacha wapweke. Rudi. Nimekwisha kusema na akida, hana neno. Utakaa kiwanja chako, utapima unavyopima. Nataka tu uniuzie na mimi."

Mjomba alinigeukia haraka. "Umesikia? Mtu mzima amekufuata mwenyewe. Itikia, mama yako alale nyumbani."

Kilikuwa ndicho kitu nilichokitaka, kimeletwa mpaka miguuni pangu. Nilikitaka sana. Lakini nilijua kitakachosemwa kesho sokoni: kwamba mtani amemsamehe mtani wake, mambo yao yale yale, tucheke. Na baada ya mwaka mmoja kijiti kingekuwa kimerudi.

"Nitarudi," nikamwambia, "ukisimama sokoni, mahali pale pale niliposimama mimi, ukawaambia watu ulivyokuwa ukinunua na ulivyokuwa ukiuza."

Akacheka. Akawageukia wanawake, akafungua mikono. "Mimi mwizi, mama zangu. Nani hajui? Mwizi mkubwa, baba wa wezi."

Wanawake walinitazama mimi, kuona kama ni wakati wa kucheka. Sikucheka.

"Sasa sema bila utani," nikamwambia.

Alifungua mdomo. Nilimngoja kwa haki kabisa, nami niliweka kibaba chini ili asidhani namharakisha. Sauti haikutoka. Akamtazama mjomba, kama wanaume wanavyotazamana wakitaka kusaidiana, na mjomba akamtazama yeye. Mjomba alikuwa mtu wa kuona haraka kitu chenye thamani. Aliyatazama magunia mawili matupu begani mwa tajiri wa sokoni, akayatazama magunia yangu saba yaliyojaa, akautazama mstari wa wanawake. Kisha akawaambia wale vijana wanne wapakie magunia mawili ya kwanza katika machela, kwa maana Kingolwira ni mbali na jua linakwenda.

Mwenye duka alikuwa bado amesimama mbele yangu.

"Ukitaka maharage nitakuuzia," nikamwambia. "Kibaba cha tele, kama watu wote. Lakini mbele yako kuna akina mama sita."

Akayatua magunia yake chini nyuma ya mama wa sita, akakaa juu yake, akasubiri.